Mti wa Chini

Kwa mume wa Chigusa, uani hapakuwa mahali pa kuanika nguo. Palikuwa mahali pa momiji, ile miti ya Kijapani ambayo majani yake hubadili rangi wakati wa vuli. Alianza na chungu kimoja walipohamia Kawaguchi, kando ya ngazi ya mlango wa jikoni, akaapa kwamba hicho kinatosha. Watu wa namna hiyo huapa hivyo, na wake zao huwaamini mara moja tu. Haukupita muda mrefu, vyungu vikawa vimepanda juu ya mbao, vimelizunguka tangi la gesi, vimekalia ukuta wa jirani kwa ruhusa ya jirani. Kamba ya nguo ilihamishiwa ghorofani, kwenye kibaraza chembamba, na huko nako, juu ya mashine ya kupoza hewa, zikatokea momiji mbili zisizopenda jua la mchana.

Lakini alikuwa na furaha mtu yule. Mwezi wa Aprili, majani yakianza kufunguka, Nagase Kiyoharu alitoka na nguo za kulalia, mswaki mdomoni, akachuchumaa mbele ya kila chungu kwa adabu kama anayewaamkia wakwe. Hii imetoka nyekundu. Hii njano yenye ukingo wa waridi. Hii mwaka jana ilikuwa na madoa meupe, mwaka huu imeyaficha, mjanja sana huyu. "Chigusa! Njoo uone!" Na Chigusa alitoka na mwiko mkononi, akatazama, akasema, "Nzuri," akarudi kwenye supu yake. Siku moja Kiyoharu alisafiri kwa treni kutoka kusini na mche mapajani, akamweleza bibi wa kiti cha pili habari za mche huo stesheni baada ya stesheni, hadi yule bibi akahama behewa. Alikisimulia kisa hicho mwenyewe, akicheka mpaka machozi yakamtoka.

Alifariki mwanzoni mwa Machi, miti yake ikiwa bado imefumba.

Maneno yake ya mwisho aliyasema hospitalini, macho yakiwa darini. "Ule wa chini ya dirisha la jikoni," alisema. "Usiuache ufe."

"Sawa," alisema Chigusa.

Alisogeza kiti, akasubiri kama kuna lingine. Halikuwapo. Kiyoharu alilala, na hakuamka tena.

Tangu hapo Chigusa alikufa ganzi. Huzuni aliijua, alikwisha kukutana nayo siku ya kumzika mama yake, na hii haikuwa yenyewe. Hii haikuwa na uzito wala ladha. Alikunywa chai ya moto ikamuunguza ulimi, akaja kugundua jioni wakati wali ulipomkwaruza. Kwenye mazishi aliinama pale pa kuinama, akashukuru pale pa kushukuru, macho makavu kabisa. Tokie, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke ambaye hajawahi kuambiwa apaze sauti, alimsogelea akamnong'oneza, "Lia basi hata kidogo. Watu wanatazama."

"Ndiyo, Dada," alisema Chigusa. Akajaribu. Hakuna kilichokuja.

Mti wenyewe wa chini ya dirisha ulikuwa mdogo, hauzidi urefu wa chupa ya mchuzi wa soya, lakini haukuwa na mwenzake duniani. Miaka ya nyuma Kiyoharu aliona kwenye momiji yake moja kitawi kilichoasi: kilitoa majani membamba kama nyuzi, ya rangi ya nyama ya kamba mbichi, na matawi mengine yote yakabaki ya kijani kama kawaida. Alikikata kitawi hicho akakibebesha kwenye mche mwingine. Ndivyo miti yote ya fahari inavyozalishwa: unachukua mche wa momiji ya kawaida, ile inayoota popote, unaukata kichwa, unapachika kikonyo cha mti unaoutaka, unafunga. Mti wa chini unanyonya maji, wa juu unasifiwa. Kiangazi kilichofuata kilikuwa cha moto, na momiji alikokitoa kile kitawi ikakauka. Ukabaki huo mmoja. Kwa desturi ya chama cha wapenda momiji cha mtaa wao, mti mpya haupewi jina mpaka uonekane na wanachama wote kwenye maonyesho ya vuli. Kiyoharu aliingoja vuli hiyo kama mtoto anayengoja mwaka mpya.

Aprili nyuzi zile za waridi zilitoka. Chigusa aliziona dirishani akiosha vyombo, akajua kwamba ni nzuri, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumatano.

Ikafika siku ya arobaini na tisa, siku ya kuwekwa majivu kaburini. Ndugu walikuja kutoka Chichibu na Sendai, wakalala hadi kwenye korido. Chigusa alipika, akatandika, akaosha, akapika tena. Upepo mkavu ulivuma siku hizo, na hakuna aliyekumbuka uani. Miti mikubwa iliungua ncha tu. Wageni walipoondoka, Chigusa alitoka na ndoo, akakuta nyuzi za waridi zimekuwa rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa. Alizigusa zikavunjika. Akamwagilia hivyo hivyo. Akamwagilia na kesho yake.

Mwezi wa Mei likatokeza chipukizi. Lilikuwa nene, lina haraka. Mvua za Juni zilipoanza lilikuwa limefungua majani mapana ya kijani, kila jani na vidole vyake saba. Chigusa alichuchumaa na mwavuli, akalifuata kwa kidole hadi lilipoota. Liliota chini ya kovu, chini ya pale Kiyoharu alipofunga. Kikonyo cha juu kilikuwa kimekauka hadi ndani, cheusi. Lililoota lilikuwa la mti wa chini.

Kiyoharu aliyaita machipukizi ya namna hiyo wezi. "Wanakula chakula cha wenzao," alisema, na aliyavunja kwa kidole gumba kila asubuhi bila hata kukatiza mazungumzo. Chigusa alimwona akivunja zaidi ya anavyoweza kukumbuka. Naye akaweka kidole gumba pale pale. Lakini akilivunja hili, chunguni kingebaki kijiti. Akaondoa kidole. Haikuwa huruma. Alikuwa amechoka, na mvua ilikuwa inamwingia shingoni. Aliyeachiwa kitu kimoja cha kufanya alikuwa ameshindwa kukifanya, akalitazama jambo hilo, akaingia ndani kupika.

Agosti likaja Obon la kwanza la marehemu, wakati wa roho kurudi nyumbani. Taa nyeupe iliangikwa barazani. Wazee wa chama walikuja na uvumba, wakapiga magoti mbele ya picha ya Kiyoharu, wakaomba, kisha, kama ilivyotarajiwa, wakageuza shingo kuelekea uani. Walikuwa wawili. Mwenyekiti Uematsu, kinyozi mstaafu, mtu wa maneno machache na mikono laini. Na Isogai muuza tofu, ambaye mdomo wake haujawahi kuwa na breki.

Uematsu aliinama juu ya kile chungu cha chini ya dirisha. Nyenje walikuwa wanapiga kelele. Akainama zaidi. Chigusa, aliyesimama mlangoni na sinia la chai ya shayiri na tikiti maji, aliona mgongo wa shati la mwenyekiti ukisimama tuli. Akajua kwamba ameona.

Isogai naye akainama. "Lo, hii si..." akaanza.

Uematsu akamkanyaga mguu.

"Umekua," alisema Uematsu.

"Umekua kweli," alisema Isogai, akiusugua mguu wake. "Yaani umekua, mti huu. Mtu akitaka kusema hujakua, hawezi."

"Una afya."

"Afya! Ndiyo hiyo sasa. Mimi kila siku nasema, mti ni afya."

Tokie, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya Obon, alitoka na kipepeo chake cha kujipepea akajitia katikati yao. Yeye momiji na mkarafuu kwake ni mamoja. "Mnaona? Mdogo wangu alikuwa na mkono, yule! Vuli mtaupa jina, siyo? Msijisumbue, mimi nishalipata. Kiyonishiki. Kiyo ni yeye, nishiki ni hariri ya fahari. Zuri au si zuri?"

"Zuri," alisema Uematsu. Kisha akamgeukia Chigusa, akainama. "Basi vuli tutakuja kuuchukua, Nagase-san. Ukituruhusu."

"Nitashukuru sana," alisema Chigusa, naye akainama, sinia na yote.

Neno moja hapo lingemaliza kila kitu, na halikutoka kwa yeyote. Kwa watu wa mtaa ule, kumwambia mjane mwenye ndoo mkononi kwamba anakimwagilia kisichokuwepo ni sawa na kumvua nguo mbele za watu. Na kwa mjane, kuwaambia wageni waliokuja na uvumba kwamba anajua wanamdanganya ni hivyo hivyo. Kwa hiyo walikula tikiti. Walitema mbegu kwenye viganja, wakasifu utamu wake, na Isogai akala vipande vingi kuliko kawaida ili mdomo wake uwe na kazi.

Uongo ukishakaribishwa sebuleni hauondoki upesi. Septemba Isogai alileta mbolea ya mashudu. "Ya ule mti wetu," alisema bila kumtazama usoni. Uematsu alileta kokoto nzuri za mtoni za kuweka juu ya udongo. Tokie alipiga simu kila Jumapili kuuliza hali ya Kiyonishiki, na alikuwa amewaambia ukoo mzima. Chigusa alijibu kwamba unaendelea vizuri. Alijua mwisho wake. Watakuja watu wa vyama vya miji mingine, watu wenye macho, waukute mti wa porini kwenye chungu cha fahari, na jina la Kiyoharu chini yake. Watacheka wakishafika stesheni. Aliahidi kutouacha mti ufe, ukafa mikononi mwake. Sasa atamwacha na Kiyoharu mwenyewe achekwe. Aliliwaza hilo kila asubuhi akimwagilia, na kila asubuhi lilimpita.

Oktoba usiku ukaanza kuwa wa baridi, na jani la kwanza likageuka. Lilianzia kwenye ncha za vidole, likateremka kiganjani. Siku chache baadaye mti mzima ulikuwa mwekundu. Miti ya Kiyoharu, ile yenye majina, iligeuka kwa mbwembwe: hii ya chungwa, hii ya zambarau, hii nusu na nusu. Huu ulikuwa mwekundu tu.

Chigusa alikuwa akisugua sufuria, akautazama dirishani, na mikono ikasimama kwenye povu. Aliujua wekundu ule. Ulikuwa wa momiji kubwa iliyo nyuma ya hekalu, karibu na makaburi. Kila mwaka, majani yakishadondoka, alikwenda pale na aproni akaokota mbegu zenye mabawa. Alizichanganya na mchanga wenye unyevu, akazilaza kwenye friji karibu na kachumbari yake ya figili, akazipanda kwenye masanduku, baridi ilipopungua, akazilea hadi zikawa miche. "Mbegu ni kazi yako," Kiyoharu alikuwa akisema. "Wewe una mkono wa mbegu." Kisha alikuja akachagua ulionyooka, akaukata kichwa, akapachika kikonyo chake, akafunga. Vichwa vilikwenda kwenye pipa la mboji. Hakuwahi kuuliza mbegu zimetoka wapi. Na Chigusa hakuwahi kuona kwamba kuna la kuulizwa.

Miti yote ya chini ilikuwa yake. Uani kote, juu ya mbao, juu ya ukuta wa jirani.

Kuna kitu kilimsogea ndani, kidogo tu, kama punje ya wali iliyoingia kwenye soksi. Alimaliza kuosha sufuria.

Asubuhi ya kuandaa maonyesho Uematsu alikuja na kigari chake cha mizigo. Chungu kilifungwa mkanda kwenye kiti cha mbele, Chigusa akakaa nyuma ya kile chungu akiwa amejibana, akikishikilia hadi hekaluni. Ukumbini wanachama walikuwa wameshapanga miti yao juu ya meza zenye vitambaa vyeupe, wakisogeza hiki nusu unyayo, wakirudi nyuma kutazama, wakikirudisha. Isogai alikuwa akiufuta mti wake jani kwa jani kwa kitambaa chenye unyevu, akiuimbia kwa sauti ya chini. Kwenye meza ya katikati palikuwa pameachwa nafasi.

Chigusa aliweka chungu. Alichota maji kwenye bomba la nje, akaanza kulowesha kuvumwani za kijani zilizofunika udongo kati ya zile kokoto, kwa vidole, tone kwa tone, kama alivyomwona mumewe akifanya.

Kwenye kona ya meza Uematsu alikuwa na kadi, brashi na jiwe la wino. Kadi za wengine alikwisha kuziandika: jina la mti, jina la mkuzaji. Iliyobaki ilikuwa moja. Alisugua wino. Wino ulikuwa umeiva zamani, akaendelea kusugua. Alichovya brashi, akaikamua, akaichovya tena.

"Kiyonishiki," alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu dukani huku akiomba kiwe kimekwisha. "Mkuzaji, Nagase Kiyoharu. Niandike hivyo?"

Chigusa alitazama ncha ya brashi. Tone la wino lilikuwa linakusanyika. Likidondoka, kadi itaharibika, na bado hakusogea hata mmoja.

"Uematsu-san," alisema. "Wewe unajua."

"Najua nini?"

"Tangu siku ya tikiti."

Brashi ikateremka polepole hadi kwenye kishikio chake. Uematsu akavua miwani. "Tangu siku ya tikiti," akakiri.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Ulikuwa umesimama pale na sinia." Akasugua macho. "Na wewe? Ulijua lini?"

"Juni."

"Juni! Kabla yetu! Mbona..."

"Mlikuwa mnausifu," alisema Chigusa. "Ningewakatishaje?"

Kwenye meza ya jirani Isogai alikuwa ameacha kuimba. "Kwa hiyo mimi," alisema, "nimekanyagwa mguu bure?"

Uematsu alicheka kwanza, puani, kisha akashindwa kujizuia. Chigusa alisikia sauti ikitoka kwake mwenyewe pia, ya ajabu, kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi. Iliisha upesi.

"Samahani," alisema mwenyekiti, akiinama hadi kichwa kikakaribia kitambaa. "Tumefanya ujinga. Tutauondoa. Utaletwa mwingine wa Kiyoharu, ule wa zambarau, hakuna atakayejua."

"Hapana," alisema Chigusa.

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. Watu wa meza za mbali waligeuka.

"Wa kwake umekufa. Nilimwahidi, ukanifia, basi. Huu ni mwingine. Mbegu niliiokota hapo nyuma, nikailaza kwenye friji, nikaipanda mimi. Yeye aliukata kichwa." Akaligusa lile kovu kwa kidole. "Alikuwa anakufa, Uematsu-san, akanizungumzia chungu. Nilisogeza kiti nisikie zaidi. Hakuwa na zaidi."

Mwenyekiti aliivuta kadi karibu. Alivaa miwani. Alichovya brashi akaandika bila kusita, na wino ukakaa vizuri kwenye kadi: *Momiji. Mkuzaji, Nagase Chigusa.* Akaiweka mbele ya chungu, akainyoosha kwa kidole.

Chigusa alirudi kwenye kuvumwani na maji yake. Alikuwa hajamaliza upande wa pili wakati mlango wa ukumbi ulipofunguliwa na sauti ikaingia kabla ya mwenyewe.

"Uko wapi? Uko wapi Kiyonishiki wetu?" Tokie alikuja moja kwa moja, koti la sherehe, mkoba kwapani, kamera shingoni. Aliutazama mti, akapiga makofi. "Mwekundu! Angalia, mwekundu kabisa!" Kisha akaisoma kadi. Akaisoma tena. "Mbona wameandika wewe? Jina la Kiyoharu liko wapi?"

"Mti wa Kiyoharu umekufa, Dada," alisema Chigusa. "Niliuacha bila maji." Akavuta pumzi aendelee, na kilichofuata kikatoka vipande vipande. "Na yeye... na yeye amekufa. Amekufa, Dada. Hayupo."

Tokie aliiachia kamera ikaning'inia shingoni. Ukumbini kila mtu alipata ghafla jani la kufuta. Chigusa alisimama na mikono yake mbele, maji yakichuruzika hadi kwenye mikono ya kimono, na uso wake wote ulikuwa umelowa pia, na kamasi, bila mpangilio wowote.

"Maji haya," alisema, akishangaa. "Baridi sana. Vidole vinaniuma."

"Lete hapa," alisema Tokie. Akaushusha mkoba sakafuni, akaichukua mikono ya wifi yake katikati ya viganja vyake, akaanza kuisugua.